Kikao Kilichohamia Leba

Barua ilimtaka ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini katika mwaka mzima hajamzalisha mwanamume hata mmoja.

Mama Mlango aliisoma amesimama, akaisoma ameketi, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akaisoma tena. Maneno yalikuwa yale yale. Chini kulikuwa na muhuri, saini ya Mwenyekiti wa Kamati ya Usawa wa Jinsia ya hospitali, na jedwali dogo lenye safu mbili. Ke: elfu moja mia mbili na kumi na nne. Me: sifuri. Hiyo sifuri ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, kama hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza aliyekosa.

"Wanasemaje?" aliuliza Mama Deki, aliyekuwa akipiga deki sehemu moja kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyostahili. Mama Deki ndiye aliyesafisha sakafu zote za hospitali ile, na habari zote zilipita kwake kabla hazijakauka.

"Wanasema leba inabagua. Inahudumia wanawake peke yao."

"Na wale wa kiume unaowatoa kila siku? Si wanaume wale, wadogo tu?"

"Niliwajibu hivyo hivyo mwaka jana. Wakasema hao ni matokeo, si wateja."

Mama Deki aliegemea fagio lake. Alitaka kucheka, lakini alimtazama mwenzake usoni akaona leo si siku yake. Tangu waraka wa usawa ushuke kutoka wizarani, waliokaa mbali nao waliusifu, na waliokaa nao chumba kimoja walishika vichwa. Waraka wenyewe haukuwa na baya: ulitaka wanawake na wanaume wote wapate tiba kwa haki. Ila ulipofika pale hospitalini ulipita mikononi mwa Kamati, na Kamati ilijua kugawa kwa mbili tu. Pedi za wazazi ziliposhuka, nusu ya katoni zilipelekwa wodi ya wanaume, huko wakazibia dirisha linalovuja. Leba nayo, ili isionewe, ikaletewa dazeni nne za viwembe vya kunyolea ndevu.

Viwembe Mama Mlango angevivumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni mstari wa mwisho wa barua: *Chumba chochote kinachohudumia jinsia moja hakitafanyiwa matengenezo ya aina yoyote mpaka kitakaporekebisha uwiano wake.*

Matengenezo, maana yake mlango.

*

Tuseme ukweli, jina la Mama Mlango halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Miaka sita iliyopita mchwa waliula mlango wa leba mpaka siku moja nesi akaufunga kwa mguu, ukabaki fremu. Wakatundika shuka, wakaifunga kwa bendeji pembeni. Tangu hapo mkunga huyu alikuwa ameandika barua kumi na moja za kuomba mlango, na zote zilirudi zimeandikwa "Imepokelewa." Watu wakaanza kusema "yule mama wa mlango," wakafupisha, likaganda. Hata kwenye orodha ya zamu waliandika hivyo.

Na ile leba ilivyokaa! Ilikuwa mwisho wa korido, na ng'ambo yake, hatua nne tu, kulikuwa na dirisha la meno. Foleni ya meno ilianza alfajiri na kupinda mpaka mbele ya shuka. Mwenye jino alikaa pale akisikia yote. Upepo ukivuma, aliona na nusu ya yasiyomhusu.

Miaka mitatu nyuma, binti wa mwisho wa Mama Mlango, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alijifungua mtoto wake wa kwanza mle ndani. Mama yake mwenyewe ndiye aliyempokea. Kitinda alikuwa amefika pale pa kusukuma, macho yamemtoka, mguu mmoja uko begani kwa mama yake, shuka ikasogea. Kikaingia kichwa cha mwanamume chenye shavu lililovimba kama amebugia yai zima.

"Samahani," kile kichwa kikasema, "hii ndiyo foleni ya meno?"

Kuingia ni bahati mbaya, mtu husamehewa. Huyu aliingia kisha akasubiri ajibiwe.

Kumbe alikuwa jirani wa mtaa wa pili. Tangu siku ile, kila wakikutana dukani, humsalimia Kitinda kwa upole kabisa: "Vipi, tangu siku ile?" Na Kitinda huacha alichokuja kununua akarudi nyumbani.

Baada ya kichwa kutoka, Kitinda alijifungua salama, halafu akaanza kuvuja damu. Ilitoka damu ambayo Mama Mlango, kwa miaka ishirini na miwili ya kazi, hakupenda kuisimulia. Sindano mbili, chupa tatu, mikono yake mwenyewe ikikanda tumbo la mwanawe, na midomo ya Kitinda imekuwa rangi ya majivu. Aliponea chupuchupu.

Sasa Kitinda alikuwa na mimba ya pili, miezi tisa kamili, na amesema lake.

"Nitazalia nyumbani, mama."

"Mwanangu, ulitoka damu ndoo. Safari hii inaweza kurudi vile vile. Nyumbani nani atakuchoma sindano?"

"Nikifa, nitafia chumbani kwangu nimefunga mlango."

"Usiseme hivyo."

"Wewe hukuchunguliwa. Mimi ndiye ninayesalimiwa dukani."

Mama Mlango alibembeleza, akafoka, akamtuma mkwewe, akawatuma mashangazi. Kitinda hakuyumba. Mwanamke aliyewashawishi wanawake wa mji mzima wazalie hospitali alishindwa kwa mwanawe wa kumzaa. Kinyozi hajinyoi.

"Na kukiwa na mlango?" akauliza mwisho.

Kitinda alifikiri. "Kukiwa na mlango nakuja kwa miguu yangu. Lakini mlango, mama. Siyo shuka mbili. Siyo kabati mmeliburuta. Kitu ambacho mtu akitaka kuingia, apige hodi."

*

Kamati ya Usawa ilikutana kila Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye chumba pekee cha hospitali chenye feni, mapazia na mlango. Wajumbe walikuwa tisa, wote wanaume. Si kwamba wanawake walikatazwa, hasha. Waliitwa kila wiki. Lakini saa tatu ndiyo saa ya kugawa dawa wodini, na wagawaji walikuwa wanawake. Asiyekuwepo na lake halipo. Waraka ulitaka nusu ya wajumbe wawe wanawake, basi Kamati, kwa kuheshimu waraka, ilipiga kura na kuwateua wanne miongoni mwao wawe wanawake kwa muda.

Watatu kati yao walikuwa wakipokezana na wenzao. Wa nne, Bwana Stoo, mtunza stoo wa hospitali, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa mwanamke wa kudumu, kwa sababu siku ya kupokezana alikuwa msibani. Alilalamika mwanzoni. Baadaye alizoea, na kwenye daftari la mahudhurio alijaza Ke bila kupepesa macho.

Mama Mlango aliingia na barua yake. Alipewa kigoda mwisho wa meza. Ilikuwa meza ndefu, imefunikwa kitambaa cha kijani mpaka chini, na juu yake kulikuwa na vikombe tisa vya chai na sahani ya biskuti.

"Mama, karibu," alisema Mwenyekiti, mzee nadhifu wa kikoti, ambaye kazi yake ya siku zote ilikuwa kusimamia magari ya hospitali. "Umekuja kujieleza."

"Nimekuja kuomba mlango."

"Anza na kujieleza. Wanaume sifuri. Kwa nini?"

"Hawazai, Bwana Mwenyekiti."

"Hilo ni sababu au kisingizio?" aliuliza Katibu, kijana wa ofisi ya takwimu, kalamu tayari.

"Andika vyovyote. Naomba mlango. Nina mzazi wa hatari yuko nyumbani, amekataa kuja kwa sababu leba iko wazi. Akizalia kule, nitampoteza." Aliikunja barua. "Ni mwanangu."

Feni ikazunguka. Wajumbe hawakuwa watu wabaya. Wawili walimwonea huruma papo hapo, na mmoja alimsogezea biskuti.

"Pole sana, mama," alisema Mwenyekiti. "Lakini tukikupa mlango wewe, na kila chumba kitataka. Halafu, wahenga hawakukosea. Mficha uchi hazai."

"Wahenga walisema asijifiche kwa mkunga. Hawakusema azae mbele ya foleni ya meno."

Mmoja alicheka, akajifanya amekohoa.

"Tupige kura," alisema Mwenyekiti. "Tuanze na sauti ya wanawake. Bwana Stoo?"

Bwana Stoo alijikuna shingo. "Mimi kama mwanamke," alisema taratibu, "sioni tatizo la shuka."

Hapo ndipo Mama Mlango alipopiga meza. Hakukusudia kupiga kwa nguvu ile. Kikombe cha Bwana Stoo kiliruka, kikalala ubavu, chai ikamwagika. Lakini ile chai haikutambaa kama chai ya kwenye meza. Ilikimbilia pembeni, mahali pamoja, kitambaa kikabonyea kama shavu la mzee, na chini, tip, tip, tip, ikaanza kudondokea kiatu cha mkunga.

Mama Mlango aliangalia kiatu. Akaangalia kitambaa. Kisha akapeleka vidole vyake viwili juu ya ule mbonyeo, akafumba macho. Vidole vile vilikuwa vimepima njia za wanawake wasiohesabika bila msaada wa macho, na havikuwahi kumdanganya. Vikapima. Duara. Ukingo laini, umekatwa kwa msumeno mdogo. Sentimita tano.

"Hili," alisema, macho bado amefumba, "ni tundu la kitasa."

Alipiga magoti, akafunua kitambaa, akaingiza kichwa chini ya Kamati. Meza haikuwa na miguu. Ilikuwa imelazwa juu ya mapipa mawili matupu. Na kwenye upande wa chini, kwa rangi nyeupe na mwandiko wa fundi asiye na haraka, iliandikwa: LEBA.

*

"Usilichukulie vibaya, mama," alisema Mwenyekiti, mkunga alipotoka chini akiwa na utando wa buibui kichwani. "Kila kitu kina historia yake."

Historia yenyewe Bwana Stoo aliitoa akiwa amekodolea macho biskuti. Mlango uliletwa miaka sita iliyopita, baada ya barua ya kwanza. Ya kwanza kabisa! Lakini kwa kuwa ulikuwa mali ya chumba cha wanawake, kuutoa stoo kulihitaji saini ya mjumbe mwanamke wa Kamati. Hakuwepo. Na Kamati ilikuwa haina meza. "Tukasema tuutumie kwa muda, mpaka apatikane mwanamke wa kusaini."

"Na si wewe ndiye mwanamke?"

"Ndiyo mimi."

"Sasa saini!"

Bwana Stoo alitazama saa ya ukutani. "Mimi ni mwanamke saa tatu mpaka saa tano. Sasa hivi ni saa tano na dakika nne."

"Na hata angesaini," aliongeza Katibu, akigeuza kurasa, "kwenye daftari hili siku hizi ni meza. Kuibadilisha irudi kuwa mlango ni fomu tatu, na zinakwenda makao makuu. Miezi mitatu hivi. Kanuni ya kumi na mbili nayo inasema meza ya kikao haitoki nje ya kikao."

Mama Mlango alifungua kinywa amwambie Katibu mahali pa kuziweka fomu zake, simu ikalia mfukoni. Ilikuwa Kitinda. Alipumua kwanza, kwa kishindo, kama mtu anayebeba gunia ngazini.

"Mama. Uchungu umeanza."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Sasa ni kila dakika tano." Akanyamaza, akaguna, akarudi. "Nimetandika kitanda. Mkweo amechemsha maji, hajui ya nini. Mama, nakuuliza mara moja tu. Mlango upo?"

Mama Mlango aliutazama. Vikombe tisa, sahani moja, dimbwi la chai.

"Upo."

"Usinidanganye."

"Upo, mwanangu. Nimeushika kwa mkono wangu."

Upande wa pili mkazo mmoja ulikuja na kupita. "Basi nakuja. Nikifika nikakuta shuka, nageuza na teksi ile ile."

Simu ikakatika. Kutoka kwa Kitinda mpaka hospitali, kwa teksi, ilikuwa dakika ishirini na tano. Kulia kusingesaidia. Kuupora mlango asingeweza peke yake. Ulikuwa mninga mtupu, wa kubebwa na watu. Na mbele yake walikuwa watu tisa wenye afya njema, wamekaa.

Akakaa na yeye. Akakunja mikono, akaongea kwa sauti ya upole, ile ya kuwaambia wazazi *bado kidogo tu*.

"Bwana Mwenyekiti, kanuni inasema meza haitoki nje ya kikao?"

"Haitoki."

"Kikao nacho kinaweza kuhama?"

Mwenyekiti alimtazama Katibu. Katibu alifungua kanuni, akashuka na kidole, akapanda nacho. "Haijakatazwa," alisema, kwa huzuni kidogo.

"Basi kikao kihamie leba, na meza yake. Halafu hii barua yenu," akaiweka juu ya meza, mbali na chai, "mnataka wanaume leba. Mimi sina. Ninyi mko tisa. Mwezi huu uwiano utakaa sawa, wizara itafurahi, na hamtakuwa mmevunja kanuni hata moja."

Feni ikazunguka mara tatu. Katibu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu pembeni mwa karatasi, na uso wake ulikuwa ukinawiri.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "tisa ni wengi kuliko sifuri."

"Wanaounga mkono?" aliuliza Mwenyekiti.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Bwana Stoo. "Kama mwanamume," alisema. "Saa imepita."

*

Ndivyo Kamati ya Usawa ilivyopita koridoni, wanane wamebeba mlango mabegani, Katibu nyuma na daftari, Mama Mlango mbele akikimbia. Kitambaa cha kijani kilikuwa bado juu yake, kwa sababu hakuna aliyetoa hoja ya kukitoa. Watu wa foleni ya meno walipoona wanaume wanakuja taratibu na kitu kirefu kilichofunikwa, wote walisimama. Kofia zikavuliwa.

"Poleni jamani," alisema bibi mmoja, mkono shavuni. "Ni nani?"

"Ni meza," alijibu Mwenyekiti, akitweta.

"Poleni sana. Na alikuwa bado kijana?"

Walipofika, Mama Deki alikuwa ameshang'oa shuka na bendeji yake, kwa furaha ya mtu aliyeisubiri siku hiyo. Walivua kitambaa, wakausimamisha mlango kwenye fremu, ukaingia kama uliozaliwa humo. Ukakaa. Wakauachia. Ukaanza kuanguka. Wakaudaka.

"Bawaba ziko wapi?" aliuliza Mama Mlango.

Wabebaji wakatazamana.

"Bwana Stoo. Bawaba."

"Ziko kwenye kabati letu la vikombe," alisema Bwana Stoo, akiwa ameukumbatia mlango kama mjomba aliyepotea. "Kitasa pia. Fundi yuko likizo mpaka Jumatatu."

Nje, teksi ilipiga honi.

Kitinda aliingia akishikilia ukuta kwa mkono mmoja na mumewe kwa mwingine. Foleni nzima ya meno ilimgeukia. Naye hakuitazama. Alitazama pale mwisho wa korido ambapo kwa miaka mitatu aliona shuka hata ndotoni, akaona mbao. Mbao pana, ya kahawia. Na mbele yake wanaume wanane wamepanga mikono na mabega juu yake, wa tisa anaandika.

"Mama," alisema. "Na hawa?"

"Hawa ndio bawaba."

Kitinda aliwaangalia mmoja mmoja. Mkazo ukaja, aliupitisha akiwa ameushika mkono wa kikoti cha Mwenyekiti, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na Mwenyekiti akajifunza jambo kuhusu mkono wake ambalo hakulijua. Ulipopita, Kitinda alinyooka.

"Mtaweza kukaa mmeangalia huko?"

"Tutaangalia huko," alisema Mwenyekiti, sauti nyembamba.

"Hata nikipiga kelele?"

"Hata."

"Fungueni basi."

Wakafungua. Hatua tatu kushoto, wote pamoja. Akaingia. Hatua tatu kulia, wakafunga.

Ndani mlikuwa na giza kidogo ambalo chumba kile kilikuwa kimelisahau. Mama Mlango aliwasha taa, akanawa, akavaa glovu. Nesi wa zamu aliweka sindano ya kuzuia damu kwenye trei, mahali ambapo mkono ungeifikia bila kutafuta. Kwenye tundu la kitasa palionekana duara la mwanga. Mama Mlango alilitazama, akachukua pamba nzito, akalizibia.

"Haya, mwanangu. Tuko wenyewe."

Na Kitinda, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, akapiga ukelele wa kwanza wa siku ile.

Nje, kikao kiliendelea. Kilikuwa kimebaki na ajenda ya mwisho, mengineyo. Katibu aliegemeza daftari kwenye mlango, lakini kila kelele ilipotoka, mbao ilitetemeka na mwandiko wake ukapanda mlima. Baada ya nusu saa aliacha, akaweka kalamu mfukoni, akashika mlango kama wenzake. Mikono iliwawaka. Jasho liliwatiririka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao hata kitanda hawakukigusa, walishika ubao tu.

"Hii ni kawaida?" Bwana Stoo alinong'ona, mdomo karibu na pamba. "Dada Mkunga? Kulia hivi ni kawaida?"

"Kawaida!" sauti ikamjibu.

"Kwa wote?"

"Wote! Usiegemee upande mmoja!"

Bwana Stoo alisogeza bega katikati. Kisha alisema, si kwa mtu yeyote, "Mke wangu alizalia humu. Wawili. Nilikuwa pale, kwenye benchi, nasoma gazeti." Mwenyekiti alikuwa amekunja uso, akitazama kona ya juu.

"Kuna mwanya hapo," alisema. "Sogezeni. Huyo wa jino anaona."

"Mimi sioni kitu," alijitetea mtu wa foleni.

"Geuza uso!" alifoka Mwenyekiti, kwa sauti ambayo madereva wa hospitali hawakuwahi kuisikia.

Mtoto alitoka saa nane kasoro. Kilio chake kilikuwa chembamba na cha hasira. Bawaba zikapumua zote kwa mpigo, mlango ukainama, zikaurudisha. Katibu aliuliza kupitia pamba kama ni Ke au Me, kwa ajili ya jedwali. Hakujibiwa.

Kwa sababu ndani damu ilikuwa imeanza.

Mama Mlango aliiona kabla haijafika kwenye shuka. Ilikuwa ile ile, anaijua mwendo wake. Lakini safari hii trei ilikuwa pale, sindano ikaingia pajani, nesi akafungua dripu, mkono wa mama ukashuka tumboni kwa mwanawe ukaanza kukanda, kukanda, na mdomo wake ukihesabu bila sauti. Kitinda alimtazama mama yake usoni ili asome humo.

"Inakuja tena, mama?"

"Nyamaza. Pumua."

Nje, kelele zilipokatika, wanaume tisa wakaelewa kwamba ukimya ni mbaya kuliko kelele. Hakuna aliyebadilisha mguu. Mume wa Kitinda alikuwa amekuja akapachika bega lake kati ya Katibu na Bwana Stoo bila kuomba nafasi, wakampa.

Tumbo lilikaza chini ya kiganja cha Mama Mlango. Likalegea. Likakaza tena, likawa gumu kama chungwa, likabaki hivyo. Damu ikapungua, ikawa ya kudondoka, ikawa ya kawaida. Alikanda dakika kumi zaidi, ambazo si za kitabuni, za kwake mwenyewe. Kisha akakaa kwenye kigoda, akavua glovu.

"Imesimama," alisema. "Imesimama, mwanangu."

"Midomo yangu ikoje?"

"Mizuri. Inataka chai."

Waliosikia nje walisambaza. Foleni ya meno ilipiga makofi, wengine wakiwa wameshika mashavu. Mwenyekiti alikohoa.

"Mama Mlango," aliita kwa adabu. "Tushushe?"

"Jumatatu fundi akirudi, mtashusha," ilijibu sauti kutoka ndani. "Hapo kwenye benchi kuna dada mwenye gauni la bluu. Yeye njia imefunguka sentimita sita."

Tisa wakageuza shingo, kichwa kimoja kimoja. Dada wa gauni la bluu aliwapungia mkono.

"Zamu," alisema Bwana Stoo mwishowe. "Tugawane zamu. Wanne wanne, na huyu bwana mkwe wa akiba. Katibu, andika. Na mtu akafungue zile bawaba kwenye kabati la vikombe. Nasaini mimi."

"Saa yako ya kuwa mwanamke imepita," alisema Katibu.

"Andika kwamba nimeongezewa muda."

Wakati wanapangana, mtu mmoja alitoka mkiani mwa foleni, kitambaa kimefungwa kidevuni, akasogea mpaka kwenye mlango. Alikuwa yule yule jirani wa mtaa wa pili; jino la upande wa pili safari hii. Aliutazama mlango, akawatazama wenye kuushika, akachanganyikiwa.

"Samahani," alisema, "hii ndiyo foleni ya—"

"Piga hodi kwanza," alisema Mwenyekiti.

Mtu yule alisita. Akanyoosha mkono kupitia kati ya mabega mawili, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole.

"Hodi?"

Ndani, Kitinda aliinua kichwa kutoka kwenye mto, mtoto kifuani. Akaitambua sauti. Mama Mlango alinyanyuka amjibu yule mtu kwa maneno aliyoyatunza miaka mitatu, lakini mwanawe alimshika kiganja.

Hakuwa na haraka. Alimfunika mtoto vizuri. Akavuta shuka yake mpaka kifuani, akalaza nywele kwa mkono, akanywa maji, akameza.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi. Wa jino."

"Subiri," alisema Kitinda.

Na nje, wakasubiri.